Fukuto la nyumba zetu tunalijenga wenyewe

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha Pwani ya Kenya anaijua siku ya kwanza ya muhula wa pili. Likizo ya Aprili imekwisha, mvua ya masika imenyesha kwa majuma kadhaa, na ufunguo unaingizwa katika kufuli ya kabati la vitabu ambalo halijaguswa tangu shule ifungwe. Mlango unapofunguliwa, harufu humpokea mtu kabla ya macho yake kuzoea giza. Majalada yaliyokuwa meusi yamekuwa na rangi ya majivu, kurasa zimegandamana, na kamusi iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi imeota manyoya laini ya koga mgongoni. Mwizi hakuingia, wala paa halikuvuja. Vitabu vimeharibiwa na maji ambayo hakuna aliyeyaona yakipita.

Maji hayo ndiyo yanayonifanya nishike kalamu leo. Ni mvuke uliomo katika hewa ya nyumba zetu, madarasa yetu na mabweni yetu. Tunapolalamikia joto la Mombasa, Malindi au Kwale, na tunapolalamikia baridi ya Limuru, Kericho au Molo, aghalabu tunalalamikia jambo moja bila ya kulitambua, nalo ni unyevu uliofungiwa ndani. Kwa kutolitambua, tunajenga nyumba zinazoufuga unyevu huo, kisha tunanunua mashine na makaa ili tupigane nao, na bili ya umeme ikifika tunalilaumu jua. Wahenga walisema kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba unyevu sharti ueleweke kwanza ndipo utibiwe, kwa sababu dawa yake Pwani sio dawa yake bara. Anayekosea dawa hulipa mara mbili: kwa kifua cha mtoto wake na kwa mfuko wake mwenyewe.

Tuanze na somo dogo la fizikia ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili hatashindwa kulifuata. Hewa hubeba maji katika hali ya mvuke, na kiasi cha juu kabisa inachoweza kubeba hutegemea joto lake. Katika meta moja ya ujazo, hewa yenye joto la nyuzi 10 za sentigredi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu za mvuke. Hewa ya nyuzi 20 hubeba gramu 17, na ile ya nyuzi 30 hubeba gramu 30. Watabiri wa hali ya hewa wanapotutangazia kuwa unyevu ni asilimia 75, maana yake ni kuwa hewa imekwisha kubeba robo tatu ya mvuke inaoweza kuubeba katika joto hilo. Hewa hiyo ikipozwa, uwezo wake hupungua na asilimia hupanda, hata kama halikuongezwa tone moja. Ikifika asilimia 100, mvuke hauna budi kugeuka maji. Nje tunayaita umande. Ndani ya nyumba tunayaona kwenye vioo vya madirisha, chini ya mabati, na juu ya ukuta ulio nyuma ya kabati.

Mwili wa binadamu nao umo katika hesabu hiyo hiyo. Jasho humpoza mtu linapokauka, na haliwezi kukauka ikiwa hewa inayomzunguka imeshiba mvuke. Ndiyo maana joto la nyuzi 33 mjini Lodwar, penye hewa kavu, huvumilika kivulini kuliko joto lilo hilo mjini Mombasa. Lugha yetu iliitambua tofauti hii zamani. Joto ni joto, lakini joto lililochanganyika na unyevu likakosa upepo lina jina lake, nalo ni fukuto.

Sasa tujiulize: maji haya huingia nyumbani kwa njia gani? Mengine huja na hewa ya nje, hasa kwa wakazi wa Pwani. Mengine hupanda kutoka ardhini, yakinyonywa na msingi na kuta jinsi utambi unavyonyonya mafuta, pale ambapo fundi hakutandika karatasi ya plastiki chini ya sakafu wala kuweka kizuizi cha maji juu ya msingi. Mengine hutoka kwenye paa bovu na mfereji uliojaa majani. Lakini sehemu kubwa, hasa katika nyumba zilizobanana, tunaitengeneza wenyewe. Mtu aliyelala hutoa kiasi cha gramu 40 za mvuke kwa saa, kwa pumzi na kwa ngozi yake. Nguo zilizofuliwa na kuanikwa sebuleni kwa kuwa mvua inanyesha hurudisha maji yake yote katika hewa ya sebule. Sufuria ya githeri au ya maharagwe isiyofunikwa hufanya vivyo hivyo kwa saa mbili au tatu mfululizo.

Hata nishati tunayochoma huzaa maji, na mwalimu wa kemia atanishuhudia. Haidrojeni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni ya hewa, yakapatikana maji. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke, na lita moja ya mafuta ya taa hutoa takriban lita moja ya maji. Mtu anayewasha jiko la mafuta ya taa ili akaushe chumba chenye unyevu, huku akiwa amefunga madirisha yote, anakiongezea chumba hicho maji.

Tuchukue bweni la wanafunzi 40 wanaolala kwa saa 8. Zidisha 40 kwa gramu 40, kisha kwa saa 8, nawe utapata gramu 12,800, yaani karibu lita 13. Ni kana kwamba kila usiku mtu amepita kati ya vitanda akiwa na ndoo mbili ndogo, akanyunyizia kuta, magodoro na masanduku ya vitabu. Usiku wa kwanza hapana litakaloonekana. Baada ya muhula mmoja, pembe za dari zitakuwa nyeusi.

Weusi huo si uchafu wa kufichwa kwa rangi. Ni kuvu iliyo hai, na hupeperusha mbegu zake katika hewa tunayoivuta. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusu unyevu na kuvu ndani ya majengo. Lilieleza kuwa wanaoishi au kufanya kazi katika majengo ya namna hiyo wamo katika hatari zaidi ya kupatwa na maradhi ya njia ya hewa, na kuwa pumu yao huweza kuzidi. Fauka ya hayo, utitiri wa vumbini, wadudu wadogo mno wanaoishi katika magodoro na ambao huwachokoza wenye pumu, hustawi hewa inapokuwa na unyevu mwingi na hudhoofika unaposhuka chini ya asilimia 50. Wataalamu wengi wanashauri kuwa unyevu wa ndani usipite asilimia 60 kwa muda mrefu. Mtoto anayekohoa kila alfajiri akapewa dawa ya kifua kila mwezi huenda anaumwa na chumba chake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hapa nguo ni shuka na godoro.

Baada ya kuyajua hayo, tugeukie dawa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea njia, kwa sababu nchi yetu ina tabia nchi mbili zinazopingana.

Chukua Limuru, alfajiri ya mwezi wa Julai. Nje kuna ukungu, joto ni nyuzi 10, na unyevu ni asilimia 90. Mama wa nyumba anafunga kila dirisha ili ukungu usiingie, na anaziba matundu ya hewa kwa magazeti. Lakini hewa hiyo ya nje, kwa kuwa ni baridi, imebeba gramu 8 na nusu tu za mvuke katika meta ya ujazo. Ikiingia chumbani na kupashwa joto hadi nyuzi 20, unyevu wake utashuka ukawa karibu nusu ya uwezo wake. Hewa ya chumba walimolala watu watano na ilimochemshwa chai ina maji mengi kuliko ukungu ule anaouogopa. Kwa hiyo nyumba ya bara hukaushwa na dirisha lililofunguliwa kwa muda mfupi asubuhi na mchana, likapishana na dirisha au mlango wa upande wa pili, kisha likafungwa jioni ili joto lihifadhiwe. Kuta zikiwa kavu, chumba hicho hicho hupashika joto kwa kuni au umeme kidogo zaidi, kwa kuwa ukuta uliolowa hupitisha joto nje upesi kuliko ukuta mkavu. Ama jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hilo tusilitaje kuwa ni dawa. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunazika watu waliolala nalo.

Sasa teremka hadi Mombasa, jioni ya mwezi wa Machi. Joto ni nyuzi 30 na unyevu ni asilimia 75. Kila meta ya ujazo ya hewa ina karibu gramu 23 za mvuke. Kufungua dirisha hapa hakuikaushi hewa ya chumba, kwa kuwa ya nje ina maji vile vile. Kazi ya dirisha la Pwani ni nyingine: kupitisha upepo utakaolikausha jasho mwilini, utakaoutoa mvuke wa jikoni na bafuni, na utakaofika nyuma ya makabati ambako koga hupenda hewa iliyosimama. Dirisha moja halitoshi kwa kazi hiyo. Upepo unaoingia bila ya kuwa na pa kutokea hauingii kabisa.

Wajenzi wa miji ya Waswahili waliyafahamu hayo bila ya kuwa na kipimo cha asilimia. Nenda Lamu, mji wa kale uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, uitazame nyumba ya mawe. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe, zikafungwa na kupakwa chokaa. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo haikuzidi meta 3. Katikati kuna uwanja wa ndani ulio wazi juu, ambao Waamu huuita kiwanda. Hewa yenye joto hupanda na kutokea hapo, na nyingine hufuata kutoka kichochoro chenye kivuli. Juu kabisa, penye nyumba zilizo na paa la makuti, watu hupunga upepo wa bahari usio na kizuizi. Chokaa nayo ina kazi yake: hunyonya mvuke hewa inapokuwa nyevu na kuurudisha inapokauka, hivyo ukuta hupumua. Huko Mombasa, katika Mji wa Kale, roshani za mbao na madirisha ya vibao vilivyoinamishwa yalipitisha upepo usiku kucha huku yakizuia mvua, jua na macho ya wapita njia.

Sisemi kuwa nyumba hizo hazikuwa na kasoro. Vyumba vyake vya ndani kabisa vilikuwa na giza, boriti zililiwa na mchwa, na si kila mtu aliyeweza kumudu mawe na mafundi. Ubani na udi uliofukizwa katika nguo uliificha harufu ya koga, haukuiondoa koga yenyewe. Ninachosema ni kuwa aliyejenga alijiuliza kwanza upepo unatoka wapi, kaskazi ikivuma na kusi ikivuma, ndipo akachora mlango. Nyingi katika nyumba tunazojenga leo hazikuulizwa swali hilo.

Tazama fleti mpya katika mitaa yetu ya Pwani. Ukuta wa matofali ya saruji umepakwa rangi ya mafuta isiyopitisha mvuke. Madirisha ni ya kutelezesha, ambayo hata yakifunguliwa yote huacha nusu tu ya nafasi wazi. Chumba kina dirisha upande mmoja, na upande wa pili ni ukuta wa jirani. Dari ni ya chini, na bafu halina tundu la kutolea hewa. Hata nyumba za kale hazikusalimika. Mwenye nyumba akitaka kuipendezesha, huibandua chokaa na kupaka saruji juu ya matumbawe. Maji na chumvi zilizokuwa zikitoka polepole hubaki zimefungiwa ndani, na baada ya misimu michache plasta huvimba na kubambuka. Mchanga wa bahari usiooshwa ukitumiwa katika ujenzi huzidisha balaa, kwa maana chumvi huvuta unyevu wa hewa. Hakika mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wenyewe hapa hulipiwa kila mwezi kwa bili.

Bili hiyo ni ya kiyoyozi. Na yafaa msomaji ajue asili ya mashine hiyo, kwa kuwa ina uhusiano na karatasi kama hii anayoisoma. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alipewa kazi ya kutatua tatizo la kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Unyevu wa hewa ulipanda na kushuka, karatasi zikavimba na kusinyaa, na rangi zilizochapwa moja baada ya nyingine zikakosa kukutana mahali pake. Carrier alibuni mtambo uliopitisha hewa kwenye mabomba baridi ili mvuke uliozidi ugeuke maji na kuondolewa. Mtambo huo ndio babu wa viyoyozi vya leo. Ulizaliwa ili kuiokoa karatasi na unyevu. Starehe ya watu ilikuja baadaye.

Anayekijua chanzo hicho atakitumia kiyoyozi kwa akili. Kugeuza mvuke kuwa maji kunahitaji nguvu nyingi mno. Chukua chumba cha meta 4 kwa meta 4, chenye kimo cha meta 2 na nusu. Kuondoa lita moja ya maji katika hewa yake ni kazi iliyo sawa na kuipoza hewa yote ya chumba hicho kwa nyuzi 5, mara kumi. Kwa hiyo kila lita ya mvuke tunayoiruhusu kuingia bila ya sababu, iwe ni ya nguo zilizoanikwa chumbani, ya sufuria isiyofunikwa au ya mlango ulioachwa wazi, tunailipia kwa umeme. Lile dirisha tulilolisifu muda mfupi uliopita hugeuka adui pindi kiyoyozi kinapowashwa. Hewa ya nje tuliyoitaja, yenye nyuzi 30 na gramu 23, ikipozwa tu hadi nyuzi 25 huwa imekwisha kujaa pomoni, na tone la kwanza litaanguka kwenye ukuta ulio baridi, nyuma ya kabati la vitabu.

Vile vile kiyoyozi kikubwa kuliko chumba si fahari, ni hasara. Hupunguza joto upesi kisha hujizima kabla ya kuondoa maji ya kutosha, na mwenye nyumba hubaki katika chumba baridi kilicho chepechepe mithili ya pango. Chagua kinacholingana na chumba, na usome lebo ya nyota ambayo kanuni za nishati za mwaka 2016 zinataka ibandikwe juu yake. Safisha vichujio. Usikishushe hadi nyuzi 18. Kiweke kwenye 25 au 26, uwashe na pangaboi, ambalo hutumia umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya ule wa kiyoyozi. Upepo wake utaufanya mwili uhisi ubaridi ambao ungelipia ghali.

Naelewa kwamba wapo watakaonipinga. Watasema kuwa madirisha hufungwa kwa hofu ya wezi na mbu, wala si kwa ujinga. Watasema pia kuwa mpangaji hana mamlaka ya kuvunja ukuta wa mwenye nyumba. Hoja hizo zina uzito. Mbu wa Pwani huleta malaria, na mwizi hangoji mwaliko. Lakini tundu la hewa lililo juu ya ukuta, likawekewa wavu, halipitishi mwizi wala mbu, na gharama yake wakati wa kujenga ni ndogo kuliko gharama ya rangi. Ama mpangaji, yapo anayoweza kuyafanya bila ya ruhusa ya mtu: kufunika sufuria, kuanika nguo nje au kwenye roshani, kusogeza kabati na kitanda mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, kulitoa godoro juani, kufungua mlango wa bafu upande wa dirisha na kuufunga upande wa chumba, na kuifuta koga kwa maji na sabuni inapoanza badala ya kuipaka rangi juu. Mwenye nyumba naye azibue mfereji wa paa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili methali hiyo huenda ikatimia neno kwa neno.

Yaliyosalia ni ya wenye mamlaka. Ramani za majengo huidhinishwa na serikali za kaunti. Afisa anayepiga muhuri ramani ya fleti 40 mjini Mombasa yafaa aulize swali moja kabla ya wino kukauka: je, katika kila chumba upepo unaingilia wapi na unatokea wapi? Mhandisi asiyeweza kulijibu arudi mezani. Katika shule nako, mwongozo wa usalama wa mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwekewe vyuma na yafunguke kwa wepesi, ili wanafunzi waokoke moto ukizuka. Dirisha hilo hilo linalomwokoa mtoto siku moja ya moto humwokoa kila usiku kutokana na lita 13 za mvuke. Mwalimu mkuu anayelipigilia misumari amemnyima mwanafunzi njia mbili za uhai.

Na kwa kuwa wengi wanaousoma ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, sitamaliza bila ya kuwapa kazi. Hamhitaji maabara ya fahari. Chukueni vipimajoto viwili vinavyolingana. Kimoja kiacheni kikavu. Kingine kivisheni kitambaa cha pamba kilicholowa maji sehemu ya chini. Vipepeeni kwa dakika chache hadi kile kilicholowa kiache kushuka, kisha someni vyote viwili. Kama kikavu kinaonyesha nyuzi 30 na kilicholowa 27, unyevu ni karibu asilimia 80. Kama kikavu ni 30 na kilicholowa 24, unyevu ni karibu asilimia 60. Kadiri pengo linavyokuwa kubwa, ndivyo hewa ilivyo kavu. Pimeni darasani saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Pimeni bwenini kabla ya kengele ya alfajiri na baada ya madirisha kufunguliwa. Pimeni jikoni wakati sufuria zimefunikwa na wakati ziko wazi. Andikeni tarakimu kwa muhula mzima, mzichore katika grafu, kisha mzipeleke kwa bodi ya shule. Huo ndio umilisi ambao mtaala wetu unaudai: mwanafunzi anayeweza kuuonyesha ukuta na kueleza, kwa hesabu, kwa nini una weusi.

Baada ya hapo, rudini kwenye lile kabati tuliloanza nalo. Lisogezeni mbali na ukuta. Toboeni matundu machache juu na chini ya mlango wake. Msivibane vitabu kama mihogo katika gunia. Na shule inapofungwa mwezi wa Aprili, mtu mmoja apewe ufunguo na ajue wajibu wake: siku moja kila wiki, jua likichomoza, afungue kabati na madirisha ya pande mbili, aache upepo upite hadi adhuhuri. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi. Muhula wa pili ukifika, mtoto wa darasa la sita atafungua kamusi, naye atakutana na maneno badala ya koga.